Picha ni ya Mtoto, Maneno ni ya Nani?

Jioni moja ya mwaka wa 2019, katika ukumbi wa hoteli moja jijini Nairobi, nilisimama mbele ya picha ya sufuria. Ilikuwa sufuria ya kawaida, ya ukubwa unaotosha ugali wa watu watano au sita, nayo ilikuwa imefudikizwa juu ya mafiga matatu yasiyo na moto. Mwanga wa asubuhi ulikuwa umepenya kwenye ufa wa ukuta na kuyaangukia masizi kwa namna ambayo ningeweza kuitazama kwa saa nzima. Mpigapicha alikuwa msichana wa darasa la sita kutoka kijiji kimoja kilicho kando ya Ziwa Victoria, katika Kaunti ya Homa Bay. Chini ya picha paliandikwa kwa Kiingereza maneno ambayo tafsiri yake ni: "Leo hakuna cha kupika."

Msichana mwenyewe alikuwa pale ukumbini. Yeye na wenzake wanane walikuwa wamesafiri usiku kucha kwa basi, wakanawa nyuso, wakavaa sare za shule zilizopigwa pasi, wakapangwa mstari karibu na mlango ili wageni wawasalimu. Wageni walipokwisha kupita alikuja akasimama kando yangu, akayasoma yale maandishi polepole akiyafuata kwa kidole, kisha akaniuliza, "Mwalimu, ni nani aliyeandika hivi?" Sikumjibu. Akaitazama tena picha yake, akasema kwa sauti ya chini ya mtoto asiyetaka kumkosoa mkubwa, "Lakini sisi tulikuwa tumekwisha kula."

Nimeyabeba maneno hayo kwa miaka kadhaa bila kuyaandika, kwa sababu ambayo msomaji ataiona hapo mbele, nayo si ya kunipa sifa. Ninayaandika sasa kwa kuwa kila likizo za shule zinapokaribia hupokea ujumbe kutoka kwa walimu, wengi wao wanafunzi wangu wa zamani, wakiniarifu kwamba shirika fulani limewaletea kamera, kwamba watoto mayatima na wana wa maskini watafundishwa upigaji picha, na kwamba kazi zao zitaonyeshwa mjini. Huniuliza iwapo hilo ni jambo la kheri. Huwajibu kuwa ni la kheri, tena kubwa; kisha nami huwauliza: maneno ya chini ya picha yataandikwa na nani, na kwa lugha ipi?

Wazo lenyewe si geni nchini Kenya. Mnamo mwaka wa 1997 mpigapicha wa Kimarekani, Bi Lana Wong, alishirikiana na Chama cha Michezo cha Vijana wa Mathare, kinachojulikana zaidi kwa ufupisho wa MYSA, kuwafundisha vijana 31 wa mitaa ya mabanda ya Nairobi kutumia kamera ndogo za plastiki za bei nafuu. Naye Bw Francis Kimanzi, mwanasoka ambaye baadaye alikuja kuwa kocha wa Harambee Stars, alikuwa bega kwa bega naye katika kazi hiyo. Mradi uliitwa Shootback. Mwaka wa 1999 picha za vijana hao, pamoja na maandishi yao, zilichapishwa kuwa kitabu jijini London, na zikaonyeshwa ndani na nje ya nchi. Mmoja wa vijana hao, Bw Julius Mwelu, alikua akawa mpigapicha wa kulipwa, kisha akaanzisha wakfu wake papo hapo Mathare kuwafundisha watoto wengine. Kwa hiyo anayedai kwamba mtoto wa mabanda akipewa kamera ataiuza kesho yake asubuhi hana budi kutafuta hoja nyingine.

Jina la mradi ule lina mchezo wa maneno. Katika Kiingereza kitenzi kimoja hutumika kwa bunduki na kwa kamera. Basi waliokuwa wakilengwa na kamera za wengine sasa nao walikuwa wakijibu mapigo. Kiswahili hakina mchezo huo hasa, ila kina chake. Sisi tunasema kupiga picha, kama tunavyosema kupiga simu, kupiga pasi, kupiga magoti, kupiga kura. Dholuo nacho, lugha ya wengi katika kaunti za Homa Bay na Migori, hutumia kitenzi goyo, yaani kupiga, kwa njia iyo hiyo: mtu hupiga picha, hupiga gumzo, na hata shukrani hupigwa. Wanafunzi wangu wa isimu huambiwa kwamba katika miundo ya namna hii kitenzi piga kimepoteza uzito wake wa asili, hakiumizi mtu. Nami nimewafundisha hivyo kwa miaka mingi. Lakini kitie kitenzi hicho katika kauli ya kutendwa, useme "nilipigwa picha", uone kama ule uzito haujarudi kidogo.

Watu wa ukanda huu wa ziwa wamepigwa picha kwa muda mrefu. C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni, aliwapiga mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka wa 1936 alikuja mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, akapiga zake, na picha zote hizo zikaishia katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers huko Oxford. Zilikaa huko kwa miongo kadhaa, zikitazamwa na wageni wasiojua hata jina moja la waliomo. Ni mwaka wa 2007 tu ambapo mtafiti wa makumbusho hayo, Christopher Morton, na mwenzake Mkenya, Gilbert Oteyo, walizileta nakala zake Nyanza katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kuyakumbuka na kuyatafakari ya zamani. Nalipenda sana jina hilo, kwa sababu halikutafsiriwa kutoka kokote. Watu walikuja kutafuta nyuso za jamaa zao. Tangu 1936 hadi 2007 ni miaka 71. Mtoto aliyepigwa picha akiwa na umri wa miaka kumi angekuwa amefikisha miaka 81 kabla ya picha yake kurudi nyumbani.

Kisha zikaja zama za picha ya dhiki. Mwaka wa 1984 Mkenya mwenzetu, marehemu Mohamed Amin, alipiga picha za baa la njaa huko Korem, Ethiopia, zilizoutikisa ulimwengu na kuleta misaada iliyookoa maisha ya wengi. Simlaumu hata chembe. Hata hivyo, tangu hapo mtoto wa Kiafrika akawa na sura moja machoni pa wafadhili, na kila aliyetaka kuchanga fedha aliitafuta sura hiyo. UKIMWI ulipokuja, sura hiyo ilitafutwa kwetu. Sikatai kwamba msiba ulikuwapo na ungalipo: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi, na asilimia 13.0 huko Migori, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.9. Nyuma ya tarakimu hizo yamo makaburi mengi, na kando ya makaburi hayo wamo nyanya na wajukuu. Walipigwa picha sana hao. Sijui ni wangapi waliowahi kuonyeshwa picha zenyewe.

Mtoto akishika kamera yeye, huona nini? Liko jibu la kitaalamu, tena la karibu. Ng'ambo ya ghuba, huko Bondo, mtafiti Morten Skovdal na wenzake waliwapa kamera watoto 48 wa umri wa kati ya miaka 11 na 17 waliokuwa wakiwauguza wazazi au kuwatunza nyanya na babu zao. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2009. Watoto wale hawakuuficha ugonjwa, waliupiga picha. Lakini walipiga pia bustani zao za mboga, kuku wao, marafiki na majirani waliowasaidia, na vibarua vilivyowaletea shilingi mbili tatu. Walijieleza kuwa watu wenye kazi na wenye heshima kwa sababu ya kazi hiyo. Watafiti walikwenda kuwatafuta waathiriwa wakakutana na watendaji.

Nimelikumbuka jambo hilo kila ninapoona bango lenye maneno "watoto wasiojiweza". Katika warsha nitakayoisimulia lilitundikwa bango la namna hiyo, na mvulana mmoja aliniuliza wasiojiweza ni kina nani. Mvulana huyo huamka saa kumi na moja alfajiri, huteka maji, huwapikia wadogo zake wawili uji, huwavalisha, kisha hutembea kwenda shuleni. Nilishindwa kumweleza kwamba ni yeye.

Sasa niisimulie warsha yenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Migori. Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya themanini, kamera ilikuwa kitu kilichokuja siku ya soko pamoja na mwenyewe, mtu mwenye baiskeli, pazia lililochorwa ndege na maua, na saa ya mkononi ambayo uliazimwa kwa dakika ile moja ya kupigwa picha. Picha yangu ya utotoni ni moja tu. Nimevaa saa ya mtu mwingine. Kwa hiyo mwezi wa Agosti mwaka wa 2018 shirika moja liliponialika kusaidia katika warsha ya siku kumi kwa watoto wa shule mbili za msingi, moja kando ya ziwa upande wa Homa Bay, na nyingine karibu na machimbo ya dhahabu ya Nyatike katika Kaunti ya Migori, sikusita. Watoto walikuwa 24, kamera ndogo kumi zilizokwisha kutumika na wengine. Kazi yangu haikuwa kufundisha kamera, ambayo siijui, bali kuwasaidia watoto kuandika maelezo ya picha zao.

Siku ya kwanza hakikuguswa kifaa chochote. Mwalimu wa sayansi aliwaingiza watoto katika darasa lenye madirisha ya mbao, akayafunga yote, akaziba nyufa kwa magunia. Giza lilipotanda akaziondoa tambara alizokuwa amezisokota katika tundu moja dogo la ubao wa dirisha, na mbele yake akashika shuka jeupe. Msomaji ambaye hajapata kuliona jambo hili na alijaribu: mwembe uliokuwa nje ulitokea juu ya shuka, wa rangi zake, matawi yakitikisika, ila umesimama kichwa chini miguu juu. Watoto wakapiga ukelele. Mmoja akatoka mbio kwenda kuurukia mwembe ili wenzake wamwone akining'inia kama popo. Mwalimu akawaeleza kwamba nuru husafiri kwa mstari ulionyooka, kwamba ile itokayo juu ya mti hupita tunduni ikashuka chini, na ile ya chini ikapanda juu. Na kwamba Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri, aliuchunguza mwenendo huo wa nuru miaka elfu moja hivi iliyopita. Kamera yote, alisema, ni hiki chumba chenu, mmekifanya kidogo tu. Sijaona somo la fizikia lililofana kuliko lile, na gharama yake ilikuwa shuka moja la kuazima.

Siku zilizofuata kila mtoto alipewa ruhusa ya kupiga picha tano kwa siku. Sheria hiyo ilitungwa na walimu wenyewe, na walimu wanaotaka kuiga nawasihi waishike. Vijana wa Mathare walibanwa na filamu, ambayo huisha; kamera za siku hizi hazibani mtu, na asiyebanwa hupiga mia asitazame hata moja. Watoto wetu waliokuwa na tano walizunguka kitu kwanza. Waliinama, wakasubiri jua lishuke, wakabishana. Upande wa ziwa walipiga omena zilizoanikwa juu ya nyavu kuukuu, mitumbwi ikipakwa rangi, viganja vya babu akishona wavu, kaburi la mzazi lililo uani huku kuku wanadonoa juu yake. Upande wa machimbo walipiga kamba zinazoteremka mashimoni, karai za kuoshea mchanga, chupa ndogo ya zebaki mkononi mwa mtu asiye na glavu. Msichana mmoja alitumia picha zake zote tano za siku moja kumpiga mbuzi. Ni haki yake.

Jioni tulikaa kuandika. Waandalizi walitaka Kiingereza, kwa kuwa maonyesho yangekuwa Nairobi na wafadhili wangekuwapo. Tukajaribu. Watoto wakaandika kama waandikavyo katika insha za shuleni: hii ni nyumba yetu, ni nyumba ndogo, naipenda nyumba yetu. Sentensi zilikuwa sahihi, lakini hazikuwa na mtu ndani. Siku ya tatu nikaomba kila mtu aandike kwa lugha anayoiotea ndoto. Kando ya ziwa wakaandika kwa Dholuo. Kule machimboni, ambako wachimbaji hutoka kila pembe na hata ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, wengi wakaandika kwa Kiswahili, Kiswahili cha machimbo, kilichojaa maneno ambayo mimi daktari wa isimu nililazimika kuuliza maana yake. Karatasi zikajaa. Aliyekuwa ameandika kwamba huu ni wavu wa babu akaandika sasa kwamba babu hushona wavu jioni kwa sababu mchana macho yake humdanganya, ila vidole vyake havijawahi kumdanganya.

Msichana wa sufuria aliandika mstari mmoja tu. Alisema kwamba sufuria ya nyanya yake imepumzika. Kitenzi alichotumia ni yweyo, na ndicho Waluo wanachokitumia wanapoitaja Sabato, siku ya mapumziko. Nilimwomba anifafanulie. Akasema kwamba kwao, watu wakiisha kula usiku, nyanya huosha sufuria na kuifudikiza juu ya mafiga ili kuku na panya wasiichezee, na hiyo ndiyo alama kwamba kila mmoja amepata chake na mlango unaweza kufungwa. Sufuria ikilala chali, ndipo mtoto ajue kuna mtu hajarudi, amewekewa chakula chake. Asubuhi ile alipoamka aliiona imelala vile vile, na jua limeifikia, akaiona nzuri.

Nikalitafsiri hilo kwa Kiingereza kwa sentensi tatu, nikalituma pamoja na mengine. Miezi kadhaa baadaye nikapokea orodha ya maelezo yaliyofupishwa ili yaenee kwenye vikadi, pamoja na ombi la kuipitia na kuithibitisha. Orodha ilikuwa na vipengele 40. Nilikuwa nasahihisha mitihani ya muhula. Nikapitisha macho juu juu, nikajibu kwamba yote ni sawa. Mtu ambaye hajapata kufika kwenye kijiji kile alikuwa ameiona sufuria tupu, akaona njaa, na katika orodha ile njaa ikaandikwa, nami mtaalamu wa lugha nikaipigia muhuri. Ndiyo maana msichana aliponiuliza ni nani aliyeandika hivi sikuwa na jibu la kumpa. Nilipowaendea waandalizi usiku ule waliomba radhi kwa dhati, na kikadi kikaondolewa kesho yake. Lakini wageni waheshimiwa walikuja siku ya kwanza.

Kuna waliosema nami baadaye kwamba nalikuza jambo dogo, na kwamba kama kikadi kile kilimgusa mfadhili akatoa karo ya mtoto, basi kosa lilizaa neema. Hoja hii ina uzito, na mtu aliyeshiba hapaswi kuidharau. Filamu iliyotengenezwa kuhusu watoto wa makahaba wa Calcutta waliofundishwa upigaji picha na Zana Briski ilishinda tuzo ya Oscar mwaka wa 2005. Picha za watoto hao ziliuzwa na fedha zikaelekezwa kwenye masomo yao, ila hadi leo wapo wanaobishana kuhusu yale ambayo filamu ilisema juu ya mama zao. Mimi naona hivi: karo inaweza kulipwa bila ya kumwambia mtoto kwamba nyanya yake alimlaza njaa. Mtoto yule anajua Kiingereza cha kutosha kusoma anachosemewa. Na hata kama asingekijua, lingebaki kuwa neno la uongo lililobandikwa chini ya jambo la kweli alilolishuhudia kwa macho yake.

Liko suala jingine ambalo walimu hulipuuza, la ridhaa ya aliyemo ndani ya picha. Mvulana mmoja wa machimboni alipiga picha ambayo kwa maoni ya wote ilikuwa bora kuliko zote 24 zilizoteuliwa: kijana akichomoza kutoka shimoni, uso umejaa vumbi jeupe, macho tu ndiyo yanayong'aa. Siku moja kabla ya picha kusafirishwa mvulana akaja kuiomba irudi. Yule kijana ni kaka yake, alisema, na umri wake haujatimia wa kuwa pale. Picha ikionekana Nairobi, kesho watakuja askari, na anayewalisha ni yeye. Waandalizi walisikitika, wakajaribu kumshawishi. Walimu wakakataa, nami nikawaunga mkono. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 53, inataka masilahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, iliyopitishwa baada ya warsha yetu, inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa, na uso wa mtoto ni data. Nao Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 1990, unampa mtoto haki ya kusikilizwa. Aghalabu tunadhani kusikilizwa ni kupewa nafasi ya kusema. Mvulana yule alitumia haki hiyo kusema picha isionyeshwe, na aliyeitetea kauli yake ni mwalimu wa darasa, kabla ya sheria yoyote kusomwa.

Walimu walioniandikia nawapa basi nilichojifunza, kwa ufupi. Anzeni na giza na shuka, kamera zije baadaye. Mtoto na aandike kwanza kwa lugha aliyonayo. Sera yetu ya elimu imeiruhusu lugha ya eneo katika madarasa ya chini tangu miaka ya sabini, na sioni kwa nini iwe haramu mtoto akifika darasa la sita. Maelezo yake yabandikwe kwa mwandiko wake mwenyewe, na tafsiri, ikilazimu, ikae chini kwa herufi ndogo zaidi. Atakayeyafupisha na amsomee mwenyewe kwa simu kabla ya kuyachapisha. Na maonyesho ya kwanza yawe nyumbani, si mjini.

Hilo la mwisho tulilitenda kwa kuchelewa. Mwezi wa Desemba mwaka huo wa 2019 walimu wa shule ile ya kando ya ziwa walizitundika picha katika uwanja wa shule, kwenye kamba za nyavu zilizofungwa kutoka mti hadi mti, kwa vibanio vya nguo. Ilikuwa siku ya soko. Watu walikuja na vikapu vyao kichwani. Wavuvi walibishana kuhusu mtumbwi ni wa nani. Mzee aliyepigwa viganja aliletwa na mjukuu wake, akasomewa maneno ya vidole visivyodanganya, akacheka mpaka akakohoa. Hakuna aliyeuliza upenyo wa lenzi wala jina la shirika.

Nyanya wa msichana naye alikuja. Nilimpeleka mwenyewe mbele ya picha ya sufuria, nikiwa na hofu, kwa maana alikuwa amekwisha kusikia habari za kikadi cha Nairobi. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mjukuu wake kwa ukali: ndani ya kabati mna vikombe sita vya kauri ambavyo havijapata ufa tangu siku alipovinunua Kendu Bay, na yeye mtoto akaona cha kuwaonyesha watu wa Nairobi ni masizi? Msichana akainamisha kichwa kuficha kicheko. Nikamwambia, "Mama, tuwie radhi kwa yale yaliyoandikwa." Akanijibu, "Mwanangu, aliyeandika vile hajapata kuosha sufuria." Akaomba asomewe alichoandika mjukuu wake, naye msichana akamsomea kwa Dholuo ule mstari mmoja. Bibi akatikisa kichwa kukubali, akanyoosha mkono, akabana kibanio, akaitoa picha kambani na kuitia kikapuni, kati ya nyanya za kupikia na chumvi. Mwalimu mkuu alitaka kusema kwamba maonyesho yataendelea hadi saa kumi na moja. Nilimshika mkono, akanyamaza.